Kompyuta Haijui Ilipo: Mhadhara juu ya Programu na Saa za Eneo



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wenu mnalihesabu kuwa limekwisha zamani: programu inatambuaje saa za eneo la kompyuta inayoiendesha? Mtu anafungua kalenda, anaandika kikao cha saa nne asubuhi, na kalenda inajua ni saa nne ya wapi. Imejuaje? Jibu langu ni kwamba haikujua. Imesoma mahali fulani kitu kilichoandikwa na mtu, au kilichotumwa na mnara wa simu, au kilichoachwa na kiwanda, ikakiamini. Leo nataka tuitazame imani hiyo: inatoka wapi, na inatuponza lini.

Tuanzie chini kabisa, kwenye ubao mama. Kila kompyuta ya kawaida ina kijisaa chenye betri ndogo ya mviringo, kinachoendelea kuhesabu hata mashine ikizimwa. Kijisaa hicho kinatunza mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Saa za eneo hakitunzi. Mfumo endeshi ukiwaka unakuta tarakimu tupu, na ni juu yake kuamua zina maana gani. Windows, kwa mazoea iliyoyarithi tangu enzi za DOS, huzichukulia kuwa ni saa za hapo mashine ilipo. Linux kwa kawaida huzichukulia kuwa ni UTC, ile saa ya rejea ambayo dunia nzima hupimia saa zake. Basi mwanafunzi wa Dar es Salaam anayeweka mifumo yote miwili kwenye laptopu moja hukuta kioja: akitoka Linux na kurudi Windows, saa imerudi nyuma saa tatu kamili. Anaipeleka kwa fundi, fundi anabadilisha betri, na kesho yake saa iko nyuma vilevile saa tatu. Betri haina kosa. Mifumo miwili inasoma tarakimu zilezile kwa tafsiri mbili, na kwenye kijisaa hakuna nafasi ya kuandika tafsiri ipi ndiyo yenyewe.

Sasa niwatenganishie mambo mawili yanayochanganywa hata na watu wenye uzoefu wa miaka mingi. La kwanza ni tofauti ya saa: kwamba muda huu, hapa, tuko saa tatu mbele ya UTC. Hiyo ni namba. La pili ni saa za eneo zenyewe: jina la mahali, pamoja na kumbukumbu ya tofauti zote zilizopata kutumika hapo na kanuni za zitakazofuata. Africa/Nairobi ni jina la namna hiyo. Kutoka kwenye jina unapata namba ya siku yoyote unayoitaka. Kutoka kwenye namba hulipati jina, kwa sababu wenye namba moja ni wengi.

Mfano ninaoupenda ni Juba. Tangu Januari 2000 saa ya Juba na saa ya Nairobi zilikuwa moja, zote saa tatu mbele ya UTC. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ikarudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Zifikirie ofisi mbili za Juba mwaka 2020. Katika ofisi ya kwanza, aliyeseti kompyuta alichagua Juba kwenye orodha. Katika ya pili alichagua Nairobi kwa kuwa ndilo jina alilolizoea, na saa ikasoma sawasawa. Mwaka mzima hakuna mtu ambaye angezitofautisha kompyuta hizo kwa kuzitazama saa zake. Februari ilipoingia, ya kwanza, ikiwa ilishapata masasisho, iliamka na saa sahihi. Ya pili iliendelea kufuata Nairobi kwa utiifu kabisa, ikiwa mbele saa moja. Na programu iliyokuwa imehifadhi namba peke yake, +3, haikuwa na njia yoyote ya kujua kwamba imeachwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema kwamba sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kujisumbua na mambo haya kwa sababu hatusogezi saa mbele na nyuma kila mwaka kama Ulaya. Ni kweli hatusogezi. Lakini matokeo yake ni kwamba mtengenezaji programu wa Kampala anaweza kuandika +3 ndani ya msimbo wake na asiadhibiwe kwa miaka kumi. Mwenzake wa London angeadhibiwa Machi inayofuata. Utulivu wa saa zetu unaficha makosa, na siku programu inapopata mtumiaji wa Juba, wa Muscat au wa Birmingham, makosa yote ya miaka kumi yanajitokeza kwa mpigo.

Tuingie ndani ya mashine. Kwenye Linux, programu inayotaka kujua saa za eneo hutazama kwanza kigezo cha mazingira kiitwacho TZ. Kisipokuwepo, inalifuata faili la /etc/localtime. Kwa utaratibu mzuri hilo huwa ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye folda ya /usr/share/zoneinfo, tuseme kwenye Africa/Dar_es_Salaam, na jina unalisoma kwenye njia ya kiungo hicho. Tatizo linaanza pale msimamizi wa seva anaponakili faili badala ya kuweka kiungo. Saa itakuwa sahihi, ila jina limepotea, kwa sababu ndani ya faili zimo kanuni tu, halimo jina. Programu zenye bidii, Java ikiwa mojawapo, hulichukua faili hilo na kulilinganisha na yote yaliyomo kwenye folda mpaka zipate linalofanana nalo baiti kwa baiti. Na yanayofanana ni mengi: Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Mogadishu, Djibouti, Addis Ababa, Asmara, Antananarivo. Linalokutwa mbele ndilo linalorudishwa. Usishangae basi seva ya Arusha ikijitangaza kuwa iko Asmara.

Kwa nini mafaili hayo yafanane? Kwa sababu watunzaji wa hifadhidata ya saa za eneo, ambayo ndiyo chimbuko la mafaili hayo, wamejifunga kwa ahadi moja: maeneo ambayo saa zake zimekwenda sawa tangu 1970 yanaweza kuwekwa chini ya jina moja, na majina mengine yakawa viungo. Kwa hiyo Dar es Salaam leo ni kiungo cha Nairobi, na Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ni viungo vya Maputo. Nimewasikia Watanzania wakilalamika kwamba tumemezwa. Mimi silioni kama suala la heshima, bali ni suala la historia. Kabla ya 1970 Nairobi imewahi kuwa saa mbili na nusu mbele ya saa ya rejea, ikawahi kuwa saa mbili na dakika 45, na hatimaye ikatulia kwenye saa tatu. Tanganyika nayo ilikuwa na safari yake, haikulingana na ya Kenya tarehe kwa tarehe. Ukiiuliza kompyuta ya kawaida saa ya Dar es Salaam mwaka 1935, kuna uwezekano mkubwa ikujibu kwa saa ya Nairobi. Kwa mtunza kumbukumbu za hali ya hewa au za reli hilo ni jambo zito. Kwa mwenye duka la mtandaoni si kitu.

Windows ina majina yake yenyewe. Sisi tumo kwenye fungu linaloitwa E. Africa Standard Time, na kwenye orodha anayoiona mtumiaji huandikwa Nairobi. Ili programu igeuze jina hilo kuwa la mtindo wa Africa/Nairobi inahitaji jedwali la tafsiri, na jedwali hilo linatunzwa na jumuiya ya Unicode. Jedwali linakubali uongeze nchi: ukilipa jina la Windows na Tanzania, linakupa Dar es Salaam. Usipolipa nchi, linakupa Nairobi. Waandishi wengi wa programu husahau kulipa nchi.

Kwenye vivinjari hali ilikuwa mbaya zaidi, na inachekesha kidogo. Kwa miaka mingi lugha ya JavaScript haikuwa na njia ya kutaja jina. Ilikuwa inakupa dakika tu, tena kwa alama iliyogeuzwa: kompyuta ya Mombasa husema -180, ingawa tuko mbele, si nyuma. Watu wakabuni mbinu. Uliza tofauti ya saa ya tarehe 1 Januari, uliza tena ya tarehe 1 Julai. Zikitofautiana, eneo hilo husogeza saa, na kwa kuona ni mwezi gani wenye tofauti kubwa zaidi unajua kama ni kaskazini au kusini mwa ikweta. Kisha kisia mji. Kwa New York au Sydney mbinu hiyo ilifanya kazi nzuri. Kwetu miezi yote miwili ilitoa -180, na kwa -180 na -180 tunalingana na Baghdad, Riyadh, na siku hizi Moscow na Istanbul pia. Siku hizi vivinjari vinalitaja jina lenyewe kupitia sehemu inayoitwa Intl, na mbinu ile imestaafu, ingawa bado inaendeshwa kimyakimya kwenye tovuti ambazo hakuna anayezigusa.

Alama iliyogeuzwa haikuishia JavaScript. Katika mtindo wa POSIX, saa zetu huandikwa EAT-3, na katika orodha ya majina kuna Etc/GMT-3, ambayo maana yake ni saa tatu mbele, upande wa mashariki. Anayechagua Etc/GMT+3 akidhani amechagua Nairobi ameiweka seva yake katikati ya Atlantiki, saa sita kamili nyuma ya alipo.

Na saa sita, hapa kwetu, ni namba yenye mambo yake. Kuna wakati wanafunzi huniuliza kwa nini simu isiseme saa moja asubuhi inapokuwa saa moja asubuhi, badala ya kuonyesha 7:00. Njia ya mkato ipo: weka saa za Buenos Aires, zilizo saa sita nyuma yetu, au za Tokyo, zilizo saa sita mbele, na uso wa saa wenye tarakimu kumi na mbili utasoma saa za Kiswahili barabara. Halafu subiri uone. Tarehe itabadilika saa kumi na mbili asubuhi ukiwa na Buenos Aires, na saa kumi na mbili jioni ukiwa na Tokyo, na kila mwaliko wa kikao unaoutuma utamfikia mwenzako ukiwa umehama. Namna ya kusoma saa ni suala la lugha na mazoea, na mahali pake ni kwenye mipangilio ya lugha. Watengenezaji wa mifumo wameshaweka humo alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku wa Kiswahili. Hesabu yetu ya kuanzia macheo bado hawajaiweka. Ni kazi inayongoja mtu wa kuifanya, na sioni kwa nini asiwe mmoja wenu.

Simu, tofauti na kompyuta ya mezani, huambiwa saa na mtandao. Mnara hutuma ujumbe wenye saa na tofauti yake na UTC, ikihesabiwa kwa robo saa; ndiyo maana hata Kathmandu, iliyo saa tano na dakika 45 mbele, inatosha humo. Lakini tazameni: ujumbe huo unabeba namba, haubebi jina. Simu inachukua namba, inaongeza msimbo wa nchi ya mtandao, inakisia eneo. Nchi yenye saa za aina moja haina taabu. Kongo ina mbili: Kinshasa saa moja mbele ya UTC, Goma na Lubumbashi saa mbili, na hapo namba na nchi lazima vitumike pamoja. Mpakani ndiyo kasheshe. Tunduma na Nakonde ni miji miwili iliyoshikana, mmoja Tanzania kwa saa tatu mbele, mwingine Zambia kwa saa mbili. Simu iliyoachwa ijisetie yenyewe ikinasa mnara wa ng'ambo, saa inaruka bila mwenyewe kuinua mguu. Ukiwa na basi la alfajiri la kwenda Mbeya, zima usetiji wa moja kwa moja kabla ya kulala, maana kengele ya simu itakayofuata Zambia itakuamsha basi limekwenda.

Nani anatunza majina na kanuni zote hizi? Kwa muda mrefu walikuwa watu wachache waliojitolea. Arthur David Olson, aliyekuwa mfanyakazi wa taasisi za afya za serikali ya Marekani, ndiye aliyeianzisha hifadhidata hiyo katika miaka ya 1980, na Paul Eggert wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ndiye aliyeleta mtindo wa majina ya bara na mji. Kumbukumbu nyingi za saa za zamani zilitoka kwenye atlasi za wanajimu, kwa sababu wapiga falaki wa Marekani na Ulaya wanahitaji kujua kwa usahihi mtu alizaliwa saa ngapi. Septemba 2011 kampuni ya programu za unajimu, Astrolabe, iliwashtaki Olson na Eggert kwa kudai taarifa hizo ni mali yake. Hifadhidata ikazimwa kwa siku kadhaa, na kwa muda huo kompyuta za dunia nzima zikawa zinategemea kesi moja ya Boston. Oktoba hiyohiyo ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, likaichukua kazi chini ya kitengo chake cha IANA. Februari 2012 Astrolabe iliiondoa kesi na kuomba radhi.

Kutunza orodha ni kitu kimoja, kuifikisha kwenye mashine ni kingine. Toleo lenye badiliko la Sudan Kusini lilitoka tarehe 24 Januari 2021, wiki moja kabla ya saa kusogezwa. Kutoka hapo lilipaswa kupita kwa watengenezaji wa mifumo endeshi, kwa wauza simu, kwa waandaaji wa lugha za programu, ndipo lifike ofisini ambako pengine mtu amezima masasisho ili kubana bando. Lebanon ilikuwa vurugu tupu. Tarehe 23 Machi 2023, siku chache kabla ya saa kusogezwa mbele, Waziri Mkuu Najib Mikati alitangaza kuahirisha hadi Ramadhani iishe. Toleo la hifadhidata likatoka haraka kulifuata tangazo. Kanisa la Maronite na baadhi ya vyombo vya habari vikakataa, vikasogeza saa zao. Kwa siku kadhaa Beirut ilikuwa na saa mbili, na simu zake zilikuwa zimegawanyika kwa kutegemea nani kasasishwa na nani hajasasishwa. Serikali ikarudi nyuma. Tarehe 28 Machi likatoka toleo jingine lililorudisha taarifa za Lebanon kama zilivyokuwa kabla ya tangazo. Mtafiti atakayeiuliza kompyuta juu ya Beirut ya wiki hiyo ataonyeshwa mji uliosogeza saa kwa utulivu kabisa.

Sasa nije kwenye kazi. Ukitengeneza programu, kwanza jiulize unataka saa za eneo za nani. Hapa wengi huanguka kabla hawajafika kwenye mbinu yoyote. Programu inayoendeshwa kwenye seva ikiuliza saa za hapa, itajibiwa saa za seva, na seva nyingi za kukodi, pamoja na kontena zinazoendeshwa juu yake, zimesetiwa UTC. Duka la mtandaoni la Nairobi linalofunga hesabu za siku kwa saa ya seva linazifunga saa tisa usiku. Mauzo yote ya kati ya saa sita na saa tisa usiku yanaandikwa jana, na mhasibu atazunguka nayo wiki nzima. Saa za mtumiaji zitafutwe kwenye kifaa cha mtumiaji.

Ukishazipata, hifadhi jina. Python ilipata moduli ya zoneinfo kuanzia toleo la 3.9, ikawa inayasoma majina haya vizuri sana, lakini ukiiomba saa ya hapa ulipo kwa njia yake ya kawaida inakurudishia namba tu. Kupata jina unahitaji maktaba ya pembeni, kama tzlocal ya Lennart Regebro, ambayo inapitia zile njia zote nilizozitaja: kigezo, kiungo, faili, na jedwali la Windows. Ni kazi chafu, na inafaa kuwa ndani ya maktaba moja inayotunzwa kuliko kutapakaa kwenye programu elfu.

Kwa jambo lililokwisha kutokea, andika UTC: malipo yalifanyika sekunde fulani, na sekunde hiyo haibadiliki serikali yoyote ikiamua lolote. Kwa jambo lijalo, UTC inaweza kukudanganya. Chukua familia inayokutana kwa video kila Jumapili, saa mbili usiku ya Mombasa. Dada yupo Muscat: kwake ni saa tatu usiku mwaka mzima. Kaka yupo London: kumi na moja jioni wakati wa baridi, kumi na mbili jioni wakati wa joto. Shangazi yupo Minneapolis: saa tano asubuhi, au saa sita mchana. Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho, kwa hiyo kuna majuma shangazi amehama na kaka bado. Familia hii haikuahidiana kukutana saa kumi na moja UTC. Imeahidiana kukutana saa mbili usiku ya Mombasa kwa sababu bibi anaswali Isha kwanza. Hifadhi hivyo: saa mbili usiku, Africa/Nairobi, kila Jumapili. Hesabu nyingine zifanywe siku yenyewe ikikaribia, kwa kanuni zitakazokuwepo siku hiyo.

Na usisahau kumuuliza mtu. Kinachobainiwa na mashine kiwe pendekezo, chenye kitufe cha kubadilisha kando yake. Wako watu wanaotumia VPN, wako walionunua kompyuta kuukuu kutoka Dubai ikiwa bado na saa za Dubai, na kivinjari cha Tor huziambia tovuti zote UTC kwa makusudi, kwa kuwa saa za eneo ni moja ya alama zinazotumika kumtambua mtu mtandaoni. Kwenye orodha unayomwonyesha, muache mtu wa Dar es Salaam aione Dar es Salaam, hata kama faili lililo chini yake ni la Nairobi.

Kwa wanafunzi, nawaachieni zoezi. Setini mashine iwe Africa/Juba, halafu iulizeni programu yenu tarehe 31 Januari 2021 ilikuwa na saa ngapi. Jibu sahihi ni 25: kati ya saa tano na saa sita usiku kulikuwa na saa moja iliyopita mara mbili. Kisha ipeni mwuguzi anayeandika kwamba mtoto amezaliwa usiku huo saa tano na nusu, muone programu itamuuliza nini.